Constant Therapy, Tactus, LetMeTalk au kadi za kujitengenezea? Programu za simu kwa aliyepoteza maneno au kumbukumbu

Nianze na jibu, maana wengi wanaouliza swali hili wana mgonjwa nyumbani na hawana muda wa kuzungushwa. Kama mgonjwa wako aliishi kwa Kiingereza, yaani alifanya kazi, alisoma na hata kugombana kwa Kiingereza, na mna kadi ya benki na intaneti isiyokatika, lipia Constant Therapy au nunua Tactus. Kama aliishi kwa Kiswahili, Kiganda, Kinubi au Kilugbara, weka hela yako mfukoni. Pakua AnkiDroid (ya kadi za kukariri) na LetMeTalk (ya picha zinazosema), zote bure, kisha mtengeneze maneno yenu wenyewe. Na kama shida yake si maneno bali kusahau na kutotulia, huenda usihitaji kupakua chochote.

Sasa sababu.

Jua kwanza kilichoharibika

Watu wanatafuta programu ya "mgonjwa wa ubongo" kana kwamba ubongo ni kitu kimoja. Mzee aliyepigwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo na kijana wa boda aliyegonga kichwa barabara ya Jinja bila helmeti wanaweza kulala wodi moja, lakini programu ya huyu haimfai yule.

Kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Ndiyo maana mara nyingi unaona mambo mawili pamoja: mkono wa kulia umelegea na maneno yamepotea. Kupotea huko kwa maneno kunaitwa afasia. Mwingine anaelewa kila unachosema lakini hatoi zaidi ya neno moja moja. Mwingine anaongea bila kikomo, maneno yasiyoshikana, na wewe ukimwambia jambo halimfikii. Wapo pia wenye afasia kidogo tu lakini mpangilio wa mdomo umevurugika: neno analo, misuli ina nguvu, ila ulimi haujui uanzie wapi. Na wapo ambao lugha yao ni nzima kabisa, ulimi tu ndio mzito, wanasikika kama mlevi. Huyu wa mwisho ukimpa programu ya kutaja majina ya picha unampotezea muda na kumdhalilisha, maana majina anayajua yote.

Kijana wa ajali mara nyingi anaongea vizuri. Shida yake ni kwamba anasahau alichoambiwa asubuhi, anaanza kazi tatu asimalize hata moja, anakasirika kwa jambo dogo. Ndugu wanasema amekuwa jeuri. Hapana, sehemu ya mbele ya ubongo imeumia.

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, kwa hiyo wataalamu tunao, ingawa bado ni wachache na wengi wako Kampala. Kwa mtu wa Arua au Kisoro hiyo ni safari ya siku nzima. Ukipata kikao hata kimoja hospitali ya Mulago au kwa mtaalamu binafsi, usikimalizie kwenye kuuliza "atapona lini?" Uliza kati ya hali hizi nilizozitaja mgonjwa wako ana ipi, kisha uonyeshwe zoezi moja la kuendelea nalo nyumbani. Hayo mawili yatakuokolea hela nyingi ya programu.

Zile za kulipia

Constant Therapy ilitokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inajirekebisha: mgonjwa akifaulu inapandisha ugumu, akishindwa inashusha, na matokeo yanahifadhiwa ili mtaalamu ayaone. Ina mazoezi ya lugha na ya akili pamoja: kukumbuka, kupanga, kusoma saa, hesabu za pesa. Kwa mtu mwenye afasia na pia usahaulifu, sijui nyingine inayobeba yote hayo ndani ya mlango mmoja.

Ubaya wake kwetu ni lugha na malipo. Lugha zake ni Kiingereza, cha Marekani, Uingereza, Australia na India, pamoja na Kihispania. Kiswahili hakimo. Malipo ni ada ya kila mwezi au kila mwaka, kwa dola, na imejengwa kwa mtu mwenye intaneti ya kudumu, si mtu anayenunua bando la siku. Ukiilipia mwezi mmoja ukaacha, umebaki mikono mitupu.

Tactus ni ya Kanada, ilianzishwa na mtaalamu wa usemi wa Vancouver. Hii si programu moja, ni kabati zima: moja ya kutaja majina, moja ya kuelewa, moja ya kusoma, moja ya kuandika, na nyingine kadhaa za kumbukumbu, za namba na za kupanga midomo. Unanunua mara moja, inakuwa yako, na ukishapakua haikudai intaneti. Kwa Uganda hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana kwenye tangazo. Bei ya kifurushi kikubwa ni makumi ya dola, lakini kuna matoleo ya bure yenye mazoezi machache. Jaribu hayo kwanza. Nyingi zilitengenezwa kwa iPhone na iPad, kwa hiyo mwenye Tecno au Itel aangalie kwanza kama anayoitaka ipo Play Store kabla ya kuahidi mtu.

Programu yao kuu ya lugha ina Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kijerumani. Watu wengi hapa wanaruka hicho Kifaransa bila kufikiri. Wako Wakongo wengi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, na Kampala kwenyewe, ambao nyumbani ni Kiswahili lakini darasani na ofisini ilikuwa Kifaransa. Mwalimu mstaafu wa Bukavu anaweza kufaidi Tactus kuliko jirani yake Mganda.

Kati ya hizo mbili, kwa familia ya kawaida yenye mgonjwa wa Kiingereza au Kifaransa, ningechukua Tactus. Constant Therapy ningeichukua tu kama kuna mtaalamu anayefuatilia yale matokeo. Bila yeye, ile michoro ya maendeleo ni mapambo.

Kwa nini kadi zenu zinaweza kuzishinda

Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao Big CACTUS, katika jarida la Lancet Neurology. Watu 278 wenye afasia ya muda mrefu walishiriki. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kompyuta nyumbani kwa miezi 6, kila mtu kwa maneno 100 aliyoyachagua kwa ajili ya maisha yake mwenyewe. Waliboresha kutaja maneno hayo kwa asilimia 16 zaidi ya waliopata huduma ya kawaida tu. Lakini mazungumzo yao ya kila siku hayakubadilika.

Soma tena hizo sentensi mbili za mwisho, maana ndizo zinazoamua ununue nini. Kwanza, unachofanyia mazoezi ndicho unachopata. Mgonjwa akizoeshwa kutaja theluji na nyumba ya barafu, atarudisha theluji na nyumba ya barafu. Pili, neno lililorudi kwenye skrini halihamii lenyewe mezani. Lazima mtu alitafutie kazi.

Kwa hiyo nasema: programu inayokuruhusu kuweka posho, matoke, rolex (chapati ya mayai), Panadol, majina ya wajukuu na jina la teksi ya kwenda mjini ina thamani kubwa kwa mgonjwa wetu kuliko yenye picha elfu nzuri za huko Boston. AnkiDroid inafanya hivyo. Iliundwa kwa wanafunzi wa kukariri, si kwa wagonjwa, na sura yake ni kavu kweli. Ila ni bure, haina matangazo, inafanya kazi bila intaneti, na unaweza kuweka picha uliyopiga mwenyewe upande wa mbele wa kadi, na sauti uliyorekodi upande wa nyuma.

Hapa nikae kidogo, maana ukikosea kutengeneza kadi utadhani programu ndiyo mbovu. Kwenye programu za Kiingereza, mgonjwa akikwama anapewa sauti ya kwanza ya neno kama msaada. Kwa Kiswahili msaada huo haufiki mbali. Nimekaa na mjomba wangu Bombo, askari mstaafu, tukiwa na picha ya kijiko.

"Mjomba, hii ni nini?"

Kimya. Nikamsaidia: "Ki..."

"Ki... kiti. Ki... kikombe. Aah!" Akaisukuma simu.

Na alikuwa na haki. Kiti, kisu, kikombe, kitanda, kitabu, vyote vinaanza na ki, kwa hiyo nilikuwa sijampa kitu. Tukabadilisha. Sauti ya msaada ikawa sentensi ambayo haijaisha: "Chai ya tangawizi naikoroga kwa..." Akajibu "kijiko" kabla sijafunga mdomo. Basi kwenye kadi rekodi vitu viwili: sentensi inayomwongoza mpaka mlangoni mwa neno, kisha neno lenyewe. Kama unatoa mwanzo wa neno, toa silabi mbili, "kiji...", si moja.

Huyohuyo mjomba anasoma Fatiha mwanzo hadi mwisho bila kukwama, lakini kuomba maji ni vita. Familia nyingi zinaona hivyo na kudhani mgonjwa anajifanya. Hajifanyi. Maneno yaliyokaririwa, kama sala, kuhesabu, nyimbo, siku za wiki na hata matusi, mara nyingi hunusurika pale maneno ya kutunga yanapokwama. Unaweza kuyatumia kama ngazi. Ukimuuliza saa ngapi, anaanza "moja, mbili, tatu, nne" na kusimama hapo: saa nne. Hakuna programu ya duka itakayokufundisha hilo kwa Kiswahili, lakini kadi yako inaweza.

Kwa yule ambaye tatizo ni mpangilio wa mdomo, achana na kadi za picha, fungua kamera. Piga video ya karibu ya mdomo wa mke au binti akisema sentensi moja fupi taratibu: "Nataka kulala." Mgonjwa aiangalie na kuisema pamoja na video, si baada yake. Kuna programu za kulipia zinazofanya hivyo kwa Kiingereza, ila kamera ya simu ya laki tatu inatosha.

Udhaifu wa njia hii yote ni wewe. Constant Therapy haichoki. Binti wa mgonjwa anachoka. Kutengeneza kadi 30 za kwanza ni kazi ya jioni kadhaa, na asipokuwepo mtu mmoja nyumbani anayependa kuhangaika na simu, kadi hazitatengenezwa. Kama nyumba yenu haina mtu huyo, semeni ukweli mapema na mtafute njia nyingine.

Mbao za picha: LetMeTalk na Cboard

Hizi si za kufundisha kuongea. Ni za kuongea leo, wakati mazoezi yanaendelea. Mgonjwa anagusa picha ya choo, simu inasema "choo". Watu wanaogopa kwamba akizoea picha atakuwa mvivu wa kusema. Mimi naogopa zaidi mtu mzima anayejikojolea kwa sababu hakuna aliyemwelewa.

LetMeTalk ina picha zaidi ya 9,000 kutoka ARASAAC, mkusanyiko unaofadhiliwa na serikali ya Aragon huko Hispania. Ni bure, inafanya kazi bila intaneti, na unaweza kuongeza picha zako. Cboard nayo ni bure, msimbo wake uko wazi na UNICEF iliifadhili. Inafunguka hata kwenye kivinjari, kwa hiyo mwenye iPhone, Android au kompyuta kuukuu wote wanaipata. Cboard inaruhusu kurekodi sauti yako kwenye kila kigae, yaani kila kisanduku cha picha, na hilo linaamua mambo kwa Uganda. Sauti ya mashine ya Kiswahili ipo kwenye huduma ya matamshi ya Google. Unaipakua mara moja kwenye mipangilio ya simu. Ya Kiganda au Kilugbara haimo humo. Kwa hiyo nyumba ya Kiswahili ichukue LetMeTalk, ni nyepesi zaidi kushika. Nyumba ya lugha nyingine, au nyumba inayochanganya, ichukue Cboard na irekodi.

Chochote utakachochagua, usimpe mgonjwa picha 9,000. Mpe sita: maji, choo, maumivu, ndiyo, hapana, niache. Hiyo "niache" wengi wanaisahau.

Kusahau na kutotulia

Hapa ndipo hela nyingi inapotea, kwenye michezo ya ubongo. Januari 2016 kampuni ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kuishtaki kwa matangazo ya kudanganya. Miongoni mwa waliyodai ni kwamba michezo yao ingepunguza madhara ya kiharusi na ya jeraha la kichwa, na ushahidi haukuwapo. Mchezo si sumu. Kijana akicheza dakika kumi kwa raha, mwache. Ila atakachokuwa hodari nacho ni mchezo ule, si kukumbuka kunywa dawa.

Kilicho na ushahidi mzuri ni kitu cha kuchosha zaidi: ukumbusho. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Uingereza wa watu 143 wenye matatizo ya kumbukumbu na mipango, waliobebeshwa kifaa kidogo cha kiunoni kilicholia na kuwaonyesha ujumbe wa la kufanya. Zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza walifanikiwa zaidi katika shughuli zao za kila siku. Simu yoyote ya leo inakishinda kifaa kile. Hata simu ya kubonyeza ina kengele.

Weka kengele yenye maandishi, si mlio mtupu. "Kunywa dawa ya kifafa, iko juu ya friji" ni bora kuliko "dawa". Kijana wa boda aliyeanza kurudi steji aliwekewa tatu tu: kuamka, dawa, kurudisha hela ya tajiri. Ukimwekea ishirini atazizima zote bila kusoma.

Jambo moja dogo la kukariri, kama namba ya simu ya mama yake, lifundishwe kwa kuongeza nafasi: muulize baada ya sekunde 15, kisha 30, kisha dakika moja, mbili, nne, nane. Akikosea, mwambie jibu palepale na urudi kwenye nafasi aliyofaulu mwisho. Tactus wanauza programu ya kazi hiyo hiyo. Saa ya ukutani nayo inaiweza, kama una subira.

Kabla ya kupakua

Uchambuzi uliokusanya data za tafiti nyingi, uitwao RELEASE, uliona mwaka 2022 kwamba nafuu kubwa ya lugha ilihusiana na saa 20 hadi 50 za tiba kwa jumla, na siku kadhaa kila wiki. Hizo ni saa za tiba na mtaalamu, lakini zinakupa picha ya ukubwa wa kazi: dakika tano za Jumapili baada ya kanisa hazitoshi. Kwa upande mwingine, ubongo ulioumia unachoka haraka. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinabebeka kuliko saa nzima inayoishia kwa hasira.

Angalia macho pia. Wako wasioona, au wasiotilia maanani, upande mmoja wa skrini, hasa kushoto. Mgonjwa akiwa hagusi kamwe picha za upande huo, usimwite mjinga, hamisha picha. Anayetumia mkono wa kushoto kwa mara ya kwanza maishani anahitaji vigae vikubwa, na simu iegemezwe kwenye kitu isitetereke. Tablet kuukuu ya inchi saba ni bora kuliko simu mpya nyembamba.

Mgonjwa asiyeweza kumeza vizuri, anayekohoa kila akinywa maji, hana programu. Huyo ni wa kupelekwa hospitali akaangaliwe, kama vile yule ambaye usemi wake uliokuwa unarudi umepotea tena ghafla. Huyu wa pili apelekwe saa hiyohiyo.

Na kama simu ya nyumbani ni moja, inayotoka na baba asubuhi na kurudi usiku, basi LetMeTalk haitamsaidia mtu mchana. Chapisha zile picha sita, uzipige plastiki kwenye duka la fotokopi, umfungie mgonjwa shingoni kwa kamba, na AnkiDroid ibaki kazi ya jioni. Kwa mwenye iPhone, AnkiDroid haipo. Toleo la iPhone linalipiwa, kwa hiyo anzia na Cboard kwenye kivinjari, na albamu ya picha zenu zenye sauti.